Zimwi Mla Sauti: shajara ya tamthilia ya watoto, Pangani

Katikati ya Julai

Leo tumelifuta zimwi lenye vichwa saba. Fundi aliyetutengenezea mfano wa kichwa kimoja, kwa maboksi na gundi ya mbao, alitaka laki sita kwa vyote saba, na hivyo ni vichwa visivyofumba hata jicho. Bajeti ya kipindi cha kwanza, dakika kumi na mbili, ni milioni mbili na nusu. Humo humo mna nauli za Tanga hadi Pangani, kibali, kukodi lenzi, chakula cha watoto na cha mama zao wanaokuja kuwasindikiza. Ukishajumlisha yote hayo, zimwi linabakiwa na hela ya soda.

Sasa tuna zimwi linalokula sauti. Halina kichwa, halina mkia, halionekani kabisa. Likipita mahali, kinu kinatwangwa bila kishindo, jogoo ananyoosha shingo na kufungua mdomo, hamna kitu. Mwanakombo, binti wa miaka tisa wa hadithi yetu, anaamka na kumkuta mdogo wake analia, machozi yanamtiririka, na hasikiki. Anaanza kulisaka hilo dude hadi kwenye gofu lililo ng'ambo ya mchanga, mahali panapofikika maji yakipwa tu.

Wazo halikutoka mbali. Nani hakusimuliwa habari za zimwi lililomtia mtoto ndani ya ngoma, likawa linazunguka vijijini, likipiga mtoto anaimba, watu wanalipa wali na kuku? Zimwi lile siku zote lilikuwa linakula kwa sauti ya mtoto. Sisi tumelisogeza hatua moja.

Ninavyoona mimi, bajeti ndogo haiokolewi lokesheni, mahali pa kushuti. Inaokolewa kwenye skripti, kabla mtu hajagusa kamera. Ukifika ufukweni na vichwa saba kwenye karatasi na laki mbili mfukoni, utakachorudi nacho ni kichekesho, na hukuandika kichekesho.

Siku chache baadaye

Wenzangu wawili wamenung'unika. Wanasema watoto wa siku hizi, waliolelewa na katuni za kompyuta, hawatakubali dude lisiloonekana. Jioni, kibarazani, nikawapa habari za Doctor Who.

Ni tamthilia ya BBC iliyoanza tarehe 23 Novemba 1963, Jumamosi jioni, ikiwalenga watoto na wazazi wao wakiwa kwenye kochi moja. Ilirekodiwa katika studio finyu za Lime Grove, London, na prodyuza wake wa kwanza, Verity Lambert, alikuwa hajafikisha miaka thelathini. Pesa zilikuwa chache, na kukata mkanda wa video kulikuwa na gharama, hivyo kipindi kilirekodiwa kwa mfululizo karibu kama mchezo wa jukwaani, kwa kusimama mara chache sana. Sasa, chombo cha kusafiria cha shujaa wake, huyo bwana Doctor, kilitakiwa kibadilike sura kila kinapotua. Hebu piga hesabu: sura mpya kila hadithi. Wakaimaliza kwenye maandishi: mtambo wa kubadilisha sura umekorofisha, chombo kimenasa katika umbo la kibanda cha polisi. Kibanda kimoja cha mbao kikatosha, na leo ndicho kinachowatambulisha dunia nzima. Sauti ya chombo kuondoka ilitengenezwa na Brian Hodgson kwa kukwaruza nyuzi nzito za piano kuukuu kwa ufunguo wa nyumba, kisha akaichezea kwenye tepu.

Lakini kilichowanyamazisha wenzangu ni habari ya tarehe 21 Desemba mwaka huohuo. Mwisho wa kipindi cha jioni ile, mwalimu Barbara amepotea ndani ya jiji la chuma. Milango inajifunga nyuma yake. Anageuka. Kamera inamsogelea, na kitu pekee tunachokiona cha huyo adui ni mkono mmoja unaochungulia ndani ya picha, mkono ambao ncha yake ni kile kimpira cha kuzibulia sinki. Barbara anaegemea ukuta, anapiga kelele, kipindi kimekwisha. Watoto wa Uingereza walikaa wiki nzima na kimpira cha sinki vichwani mwao, wakijijengea wenyewe sehemu iliyobaki. Umbo kamili la adui huyo, Dalek, alilolichora Raymond Cusick, lilitokea tarehe 28. Na hata hapo, yaliyotengenezwa yalikuwa manne tu. Penye kundi kubwa waliweka nyuma picha zilizokuzwa na kubandikwa.

Mmoja akauliza, "Sasa leo ukizitazama si unacheka?" Kweli, unacheka. Kuta zinatikisika. Ila ukiangalia vizuri, kinachochekesha ni walivyovionyesha. Mkono ule ukutani bado unafanya kazi yake.

Zimwi lisiloonekana limepitishwa.

Mwisho wa Julai

Makaratasi. Maombi ya kibali yamekwenda Bodi ya Filamu, maana Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 haina habari kwamba wewe ni mdogo na unashuti kwa simu na kamera moja ya kuazima. Barua ya serikali ya mtaa imepatikana. Wazazi wa watoto wote wametia saini, na tumeandikiana kwamba kazi ni Jumamosi tu, baada ya madrasa, na ikifika adhuhuri mtoto hafanyi kazi tena hadi jua lipoe.

Gofu tumepata. Bibi mwenye kiwanja alitukaribisha kwa chai na maandazi kabla hata hatujasema shida yetu. Nilipomaliza kueleza, akauliza:

"Na hilo zimwi lenyewe, mwanangu, mtalileta na gari gani?"

"Halionekani, bibi."

"Afadhali. Lingeonekana, wajukuu zangu wangelipiga mawe mkaja kunidai."

Wiki ya kwanza ya Agosti

Nimetumia siku nzima kutembea na daftari, bila kamera, kuamua jambo moja: mto uko mkono gani.

Mtu mzima akichanganyikiwa mwelekeo kwenye filamu anasubiri, anajua itaeleweka mbele. Mtoto wa miaka saba hasubiri. Akimwona Mwanakombo anakwenda upande wa kulia wa skrini, halafu shoti inayofuata anakwenda kushoto, kwake binti ameghairi, anarudi nyumbani. Hakuna maneno yatakayomshawishi vinginevyo. Basi sheria yetu ni hii: akienda kwa zimwi, daima anatoka kushoto kwenda kulia, na maji yako nyuma yake. Akirudi, ni kinyume. Kamera haivuki kwenda upande wa pili wa njia yake, hata kama upande wa pili una minazi mizuri zaidi. Na una minazi mizuri zaidi, inauma.

Faida yake kipesa ni kubwa kuliko inavyoonekana. Hatuhitaji kushuti safari nzima. Shoti tatu zenye mwelekeo mmoja, kichochoro, mtumbwi uliopinduliwa, mchanga mweupe, na mtoto anayetazama ameshatembea kilomita mbili kichwani mwake. Vichochoro vyenyewe viko hatua chache kutoka nyumba tuliyofikia.

Upande mmoja tumeufungia kamera kabisa: kule nguzo za daraja jipya zinakopanda. Hadithi yetu haina mwaka, na nguzo ya zege ina mwaka.

Agosti, Jumamosi ya mwezi mpevu

Nani aliwahi kuandika kwamba bahari ni lokesheni ya bure? Bahari inadai kwa saa.

Mzee mwenye ngalawa alitukalisha chini. Maji ya leo hayaji saa ya jana. Kila siku yanachelewa kwa karibu dakika hamsini. Sisi tunaoshuti Jumamosi kwa Jumamosi, wiki moja ikipita mambo yamepinduka: palipokuwa pamekauka saa nne asubuhi, pamejaa. Wiki mbili zikipita yanarudi karibu palepale. Halafu kuna bamvua na maji mafu. Bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji yanapwa mbali, mchanga unaachwa wazi hadi macho yanachoka. Ya maji mafu yanasogea kidogo tu, unashindwa kujua kama yalitoka. Njia ya Mwanakombo kwenda kwenye gofu inahitaji bamvua.

"Kwa hiyo, mzee, tukikosa leo?"

"Mtangoja mwandamo. Bahari haina marudio ya saa hiyohiyo."

Ratiba imepangwa upya yote kufuata mwezi. Jumamosi za bamvua: ufukwe, asubuhi, maji yakitoka. Jumamosi za maji mafu: ndani ya nyumba, vichochoroni, dukani. Hivyo hata mtu akiugua tunajua cha kushuti. Nimeona ratiba za kitaalamu zilizopangwa vibaya kuliko hii ya mzee asiyeandika.

Leo tumepata kuvuka kwa mchanga. Kameramani wetu alikaa kwenye guta, wawili tukilisukuma juu ya mbao mbili tulizozipanga kama reli, mbao za nyuma zikihamishiwa mbele kadiri tunavyokwenda. Shoti inatetemeka kidogo mwanzoni, kisha inatulia. Jua lilitufukuza saa tatu na nusu. Pangani iko nyuzi tano na kitu kusini mwa ikweta. Mchana jua linakaa utosini na macho ya mtoto yanageuka mashimo mawili meusi. Kwenye tamthilia ambayo nusu yake haina maneno, ukikosa macho ya mtoto huna hadithi.

Jumamosi ya maji mafu

Siku ya sauti, yaani siku ya kukosa sauti.

Kwanza jambo ambalo lilitusumbua kwenye kuediti majaribio. Zimwi likipita tulikata sauti yote, kavu. Tukamwonyesha shangazi wa kameramani, akanyoosha mkono kuchukua rimoti. Alidhani televisheni imeharibika. Kumbe ukimya wa hadithi lazima uwe na sauti yake. Tumejaribu upepo, lakini kusi inavuma siku zote hapa msimu huu, haina ugeni wowote. Mwisho tukashusha maiki ndani ya mtungi wa maji usio na kitu, tukaurekodi huo uvungu wake. Ni mngurumo hafifu, mzito, kama mahali palipofungwa. Huo ndio unaobaki zimwi likishakula vingine vyote. Sauti ya zimwi lenyewe likimeza ni mbuzi ya kukunia nazi, meno yake yakipitishwa polepole juu ya bati, kisha tumeipunguza mwendo mpaka haijulikani tena ni nini.

Lakini sauti haimalizi kazi. Picha ndiyo inayopaswa kusema kwamba sauti haipo. Na hapa ndipo tulipobishana hadi chai ikapoa. Ukishuti bahari tulivu bila sauti, nani atajua? Unahitaji vitu ambavyo mtoto anavijua kwa kelele zake. Tumechagua kinu na mchi, cherehani, jogoo, honi ya kivuko, na mfuniko wa sufuria.

Mfuniko ndio fahari yangu. Kamera imewekwa sakafuni kabisa, kwenye saruji ya jikoni, lenzi usawa wa ardhi. Mfuniko wa sufuria kubwa ya bati unadondoka kutoka nje ya picha, unagonga, unasimama ukingoni, unaanza kuzunguka, kwanza kwa upana, halafu kwa kasi, halafu unatetemeka chini kabla ya kulala. Kila aliyewahi kuingia jikoni anaisikia kelele hiyo kwa macho, anakunja uso akiingoja. Haiji. Nyuma yake, bila kulengwa sawasawa, miguu ya mama imesimama ghafla. Shoti haijagharimu hata senti, na nusu ya hadithi imo humo.

Kwa wanaotaka mambo ya mitambo: tunashuti fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50. Umeme wetu ni hezi 50, shata isipopatana nao taa za dukani zinaweza kumwekamweka kwenye picha.

Mwisho wa Agosti

Kuhusu watoto wenyewe. Hatuwapi maneno ya kukariri, kwa kuwa karibu hayapo, na hatuwaambii "ogopa" wala "huzunika". Ukimwambia mtoto aogope atakupa uso wa mabango ya sinema. Tunampa kazi. Kwenye onyesho la Mwanakombo kutafuta nyayo, tulifukia sarafu ya shilingi mia mbili mchangani, kweli, na ikiwa ataipata ni yake. Aliitafuta kwa uso ambao siwezi kuuandika kwenye skripti. Aliipata pia, na hiyo nayo tumeibakiza, kwa sababu furaha yake inasomeka kama ameona unyayo.

Mwiran Abbas Kiarostami alianza hivi, kwenye taasisi ya Tehran ya malezi ya kiakili ya watoto, Kanoon. Filamu yake ya kwanza, ya 1970, ni fupi na haina mazungumzo: mtoto amebeba mkate, kichochoro, na mbwa aliyemzibia njia. Karibu hakuna kingine. Nikiona mtu anasema hawezi kutengeneza kitu cha watoto kwa kuwa hana pesa, namuuliza kama kijijini kwao hamna kichochoro na mbwa.

Katuni hatuzidharau, tusieleweke vibaya. Ubongo Kids, inayotoka Dar es Salaam tangu 2014, imewafundisha watoto wetu hesabu kwa Kiswahili, na imefika mbali. Ila katuni inataka mikono mingi kwenye kompyuta. Sisi tuna mikono michache na bahari.

Septemba, bamvua ya pili

Usiku wa gofu umeshutiwa saa tisa alasiri. Jenereta hatuna, na mtoto hatutamkesha.

Kanuni ni chache. Anga isionekane kabisa kwenye picha, kwa hiyo kila shoti imefungwa na ukuta, matawi au mlango. Jua liwe nyuma ya mtoto, lichore kando ya bega na nywele. Hilo ndilo mwezi wetu. Mwanga unaoingia kwenye kamera tunaupunguza kwa hatua mbili, na rangi tunaidanganya kwa kuiweka kwenye kelvini 3200, kama vile tuko ndani ya chumba chenye balbu, basi kila kitu kinaingia ubluu. Tatizo likawa taa ya chemli. Mchana mwali wake hauonekani, na usiku bila mwali watoto hawauamini. Tukaweka tochi ndogo ndani ya chemli na kuifunga kwa karatasi ya pipi ya rangi ya chungwa, tabaka mbili. Mwanakombo anapoinua taa, uso wake unapata joto na ukuta unabaki baridi.

Ndani ya gofu zimwi limeweka sauti zote kwenye makome. Binti anayainua moja moja, anayatega sikioni. Tumeazima ndoo mbili za makome nyumba kwa nyumba, kila kome limetiwa namba kwa penseli chini yake ili lirudi kwa mwenyewe.

Septemba, katikati

Toleo la kwanza limeunganishwa. Tumelipeleka kibarazani kwa bibi, watoto wa miaka sita hadi kumi, na tumeliendesha bila sauti yoyote, hata ya mtungi. Nilitaka kujua kama picha zinasimama zenyewe.

Huwezi kuwauliza watoto kama wameelewa; watakujibu "ndiyooo" kwa pamoja na kukimbia. Tulichofanya ni kuwaficha wengine ndani, halafu mmoja wa waliotazama anawasimulia wasiotazama, sisi tunasikiliza kutoka dirishani. Kijana mmoja alisema, "Kinu kikawa bubu, mama yake akachungulia ndani kuona kama kuna kitu." Hatukumwambia neno bubu. Mfuniko ulieleweka, jogoo alieleweka, safari ilieleweka, na hakuna aliyedhani binti amerudi nyumbani.

Makome hayakueleweka. Karibu wote walisimulia kwamba Mwanakombo amefika kwenye stoo ya mtu na anachagua makome mazuri ya kuwauzia wazungu. Ukikulia ufukweni hapa hiyo ndiyo maana ya ndoo ya makome, na wana haki. Kutega sikio nako kwao ni kupima kama kome ni zima.

Dawa yake ni shoti moja mwanzoni, kabla zimwi halijaja: mdogo wake Mwanakombo analisemea kome, anacheka, analipeleka kwenye sikio la dada yake. Na kome lile liwe na alama, limevunjika ncha, ili tutakapoliona tena gofuni tulijue. Mpango wa Jumamosi ijayo:

Shoti ya kome, uani, saa moja na nusu asubuhi, haihitaji maji wala mwezi. Mtoto mdogo ameng'oka jino la mbele tangu tumshuti mara ya mwisho, kwa hiyo atakaa ubavu kwa kamera, uso wa dada ndio utakaoonekana. Kwenye gofu tunahitaji mkono tu na kome lenye ncha iliyovunjika. Mkono wa binti yeyote wa rika lake utafaa, ukuta uleule, karatasi ya pipi ileile. Kameramani anunue pipi.